Mtani Kwenye Ukurasa wa Darasa

Unaisi alikuwa ameinua simu juu ya mafungu ya magimbi sokoni Suva, gauni lake la maua limelowa mvua mabegani, akirusha somo la baiolojia moja kwa moja kwenye ukurasa wa Facebook wa darasa lake. Kijana mrefu aliyevaa sulu ya kijivu, shuka la kiunoni la wanaume wa Fiji, akachungulia nyuma yake.

"Madamu, wewe wa wapi?"

Unaisi akataja kisiwa cha kwao, ambacho watu wake ni watani wa jadi wa kwao kijana.

"Mtani wangu! Watoto, ficheni mifuko, mwalimu wenu mwizi!"

Unaisi alicheka mpaka simu ikatikisika. Huyo ndiye Vilikesa, fundi umeme wa meli, na tangu siku hiyo simu zao hazikupoa.

"Umekula, mwizi wangu?"

"Nimemla nguruwe wa baba yako."

Mapenzi yakampa Vilikesa kichwa. Chini ya somo la figo akaandika: "Muulizeni nguruwe wangu yuko wapi. Kamwiba, kamla na figo zake!" Mzazi mmoja, mgeni nchini, asiyejua utani wetu, akayapeleka maneno hayo kwa mwalimu mkuu. Ukurasa ukafungwa. Watoto wa visiwa vya mbali, waliokuwa wakisoma baiolojia hapo tu, wakabaki bila somo, na mtihani umekaribia.

Angemwambia nini? Mtani hakasirikiwi, ukinuna, aibu ni yako. Basi Unaisi akawa haketi wala halali, simu ikilia anaipindua, akiipokea anatania kidogo kisha anakata.

"Mpenzi, mbona unanikatia?"

"Vilikesa, nimekasirika."

Akacheka. "Mtani wangu wee..."

"Usiniite mtani! Umewafungia watoto darasa. Wananipigia wanalia, sina la kuwajibu."

Tangu azaliwe, Vilikesa hakuwahi kuambiwa na mtani kwamba amekasirika, na neno hilo likamchoma.

Kesho yake akaingia na mjomba wake ofisini kwa mwalimu mkuu, sulu imenyooshwa, akapiga magoti mkekani na jino la nyangumi mikononi, ambalo kwetu ndilo la kuombea msamaha na ndilo la kuposea.

"Maneno yalikuwa yangu, Madamu. Mwalimu wako hana kosa. Nisamehe, uwafungulie watoto."

Mama mwalimu mkuu akalipokea jino.

"Nitaufungua leo. Lakini wote wasio wa darasa watoke humo, na wa kwanza ni wewe."

Unaisi alimkuta langoni mwa shule, wanafunzi wakitoka, mvua inamnyeshea wala hajali.

"Jino ulilompa mwalimu mkuu umelitoa wapi?"

"La marehemu babu." Akatazama chini. "Nilikuwa nimeliweka la kumpelekea baba yako."

Hasira yote ikamtoka Unaisi, akabaki na mtu huyu tu, amelowa chapachapa, hana kitu mkononi.

"Sasa utanichumbia na nini?"

"Sijui, Unaisi. Kwa kweli sijui."

Unaisi akamshika mkono mbele ya wanafunzi wote.

"Kaazime jingine kwa mjomba wako. Jumamosi baba yupo nyumbani."