Gari Jipya Lenye Harufu ya Omena

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, mimi na binamu yangu Beverly tulipepeta omena, wale dagaa wa ziwani. Mama alikuwa akiziuza katika soko la Rangwe. Magunia yalitoka kisiwa cha Remba, yakashushwa Homa Bay, yakafika kwetu yakiwa na mchanga, vipande vya nyavu na maganda ya konokono. "Mteja atakusamehe omena ndogo," Mama alituambia, "lakini mchanga hatausamehe." Tulipepeta mpaka magamba yakatuganda mikononi kama vumbi la fedha. Hata sabuni haikuondoa harufu yote. Darasani wenzangu walikuwa wakinusa hewa na kusema, "Linet amefika!" Nami niliwajibu kwamba harufu hiyo ndiyo iliyoninunulia viatu.

Beverly alikuwa binti wa Waya Jedidah, dada yake Baba. Waya aliolewa Uriri, na mumewe alikufa zamani. Mwezi wa Aprili, mvua ikiwa nyingi, Waya aliugua ghafla. Gari dogo lililokuwa likimpeleka hospitalini lilikwama matopeni kabla ya kufika kwenye lami. Watu walisukuma, wakaweka mawe na matawi chini ya magurudumu, lakini halikutoka, na Waya akafia humo. Nakumbuka Baba akipokea simu. Alikuwa akinoa jembe. Alisikiliza, akaiweka simu chini, akaendelea kulinoa jembe lile lile hadi nyanya yetu, Dani, alipomwuliza ni nani aliyepiga.

Baada ya mazishi Beverly alihamia kwetu, na tangu siku hiyo Baba hakumzungumzia Waya. Alizungumzia magari. Alikuwa amestaafu ualimu, na malipo yake ya kustaafu yalikuwa benki. Dani naye alikuwa na mguu uliolegea, na kila mwezi alihitaji kupelekwa kliniki Homa Bay. Njia yetu ya kufikia lami haikuwa bora kuliko ile ya Uriri.

"Nikipata gari refu, lenye nguvu," Baba alisema, "hakuna mtu wa nyumba hii atakayekwama tena."

Alhamisi moja ya likizo ya Agosti, kaka yake Beverly, Austine, alitujia kutoka Migori. Alikuwa amevaa tai. Mkononi alikuwa na karatasi inayong'aa yenye picha ya gari kubwa jeupe aina ya SUV.

"Nera," alimwambia Baba, kwa maana hivyo ndivyo mtu wa kwetu anavyomwita mjomba wake. "Hili linaitwa Nyika. Limezinduliwa juzi tu. Yadi yetu ya kuuza magari imepewa kumi, na saba yameshachukuliwa. Unalipa pesa za kushika nafasi, na baada ya mwezi mmoja gari linafika hapa mlangoni."

"Juzi tu?" Mama aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye ungo wake. "Na watu saba wameshalipa? Hata omena haziuzwi upesi hivyo."

Austine alicheka. "Mama, dunia ya sasa inakimbia."

"Inakimbilia wapi? Na mtu akibadili nia, pesa zake zinarudi?"

Kicheko cha Austine kilipungua. "Hazirudi. Na mwisho wa kulipa ni Jumamosi, saa sita mchana."

"Kwa nini saa sita? Kwa nini si jioni?"

"Bosi Sammy amesema hivyo," Austine alijibu, akaitazama karatasi yake kana kwamba jibu limeandikwa huko.

Nilimwona Mama akimtupia Baba jicho. Baba hakulipokea. Alikuwa akiitazama picha, kidole chake kikigusa magurudumu.

"Mama Linet, usimhoji kijana," alisema. "Huyu ni okewo."

Lazima nieleze neno hilo. Kwetu, okewo ni mtoto wa dada. Akija kwa wajomba zake hanyimwi kitu. Akimkamata kuku uani na kuondoka naye, watu hucheka tu. Kumkatalia au kumtilia shaka ni aibu, na wengine huogopa kwamba neno lake la uchungu litawaandama. Jioni ile Austine alipokuwa akienda, alimkamata jogoo wetu mwekundu, akamtia kwapani, akasema, "Huyu ni wangu!" Dani alipiga makofi kwa furaha. Baba alicheka pia. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu Aprili, na kwa sababu hiyo Mama alinyamaza.

Tulipokuwa tukiosha vyombo nilimwambia Beverly, "Mimi simwelewi huyo Bosi Sammy."

"Hujamwona hata siku moja."

"Ndiyo. Lakini mbona ana haraka hivyo?"

Beverly aliitupa sufuria kwenye karai, maji yakanirukia. "Sema tu unachotaka kusema. Kaka yangu ni mwizi?"

"Sijasema hivyo!"

"Basi funga mdomo. Ninyi mna baba. Sisi tuna Austine tu."

Nilifunga mdomo. Lakini shaka haikufungika.

Jumamosi, Baba, Beverly na mimi tulikwenda Migori. Tulikuwa tumepanga kwamba tukirudi tutashuka Uriri tupalilie kaburi la Waya. Baba alikuwa na hundi ya benki katika mfuko wa ndani wa koti, na kila mara aliugusa mfuko huo.

Yadi ilikuwa uwanja wa changarawe wenye ofisi ya mabati. Katikati lilisimama gari jeupe, refu, limefungwa utepe mwekundu. Halikuwa na kibao cha namba. Viti vilikuwa vimevikwa plastiki. Bosi Sammy alitoka ofisini mikono miwili mbele.

"Mwalimu Cephas! Karibu sana. Tazama mnyama huyu! Ameshuka bandarini juzi. Hajabeba hata mfuko wa sukari. Watoto, pandeni, msiogope!"

Tulipanda. Ndani kulikuwa na manukato makali hata macho yakaniwasha. Nilishangaa: kwa nini kitu kipya kipakwe manukato mengi hivyo? Nikavuta pumzi polepole, kama Mama anavyonusa gunia kabla ya kulinunua. Chini ya manukato kulikuwa na harufu nyingine. Niliijua kuliko ninavyolijua jina langu.

"Beverly," nilinong'ona. "Kuna omena humu."

"Ni wewe unayenuka."

Huenda alikuwa akisema kweli. Nilinusa viganja vyangu. Vilinuka sabuni, na gauni langu la kanisani halikuwahi kukaribia ungo. Nikageuka nyuma, nikainua ukingo wa zulia karibu na buti. Omena tatu zilikuwa zimelala pale, kavu kabisa. Nilipopitisha kidole kwenye ufa wa kiti kilitoka na magamba yanayometa.

Beverly alikitazama kidole changu. Kisha yeye mwenyewe aliingiza mkono chini ya plastiki, akachota, akafungua kiganja. Mchanga. Mchanga na ganda moja dogo la konokono.

"Hajabeba hata mfuko wa sukari," alisema taratibu.

Kupitia kioo tuliwaona watu wazima wakiingia ofisini. Tulishuka mbio. Tulipofika mlangoni, Baba alikuwa ameketi, hundi iko mezani, kalamu iko mkononi, na karatasi ya kutia sahihi mbele yake. Austine alisimama nyuma ya bosi wake, akikunja na kukunjua ncha ya tai.

"Baba, samahani," nilisema. "Naomba kusema neno."

"Watoto wasubiri nje," alisema Bosi Sammy, bado akitabasamu.

"Linet, ngoja kidogo," Baba alisema. Akainamisha kalamu.

Mtoto hawakatizi wakubwa, ndivyo tulivyolelewa. Ndipo Beverly aliponipita, akaenda hadi mezani, akaweka kiganja chake juu ya ile karatasi.

"Nera," alisema, "okewo ananyimwa kitu?"

Baba alishtuka. "La. Hanyimwi."

"Mimi pia ni okewo wako. Sijawahi kuomba hata kuku. Leo naomba: usitie sahihi."

Beverly alipoondoa mkono, karatasini palibaki mchanga na lile ganda la konokono. Nami niliweka omena zangu tatu kando yake.

"Zimetoka chini ya zulia la gari hilo jipya," nilisema.

Baba alizigusa kwa kidole, moja moja. Kisha akaweka kalamu chini. Sauti yake ikawa ile ya darasani.

"Bwana Sammy, naomba kuiona logbuku, hati ya umiliki wa gari hili."

"Mwalimu, karatasi ziko Nairobi. Muda unakwisha. Ni saa tano unusu sasa."

"Na mkataba wenu na kampuni inayoyaleta haya magari?"

"Huko huko Nairobi."

"Austine, wewe umewahi kuuona?"

Austine aliiachilia tai yake. "Niliuliza mara moja, Nera. Niliambiwa kazi yangu ni kuleta watu."

"Ukanyamaza?"

"Nikanyamaza."

Baba aliirudisha hundi katika koti. "Basi nitaketi kwenye benchi hapo nje mpaka saa sita ipite. Nataka kujua nini kitatokea saa sita."

Bosi Sammy hakutabasamu tena. Alizunguka na simu sikioni, akisema maneno tusiyoyasikia. Sisi tuliketi. Mtu mmoja mnene aliyekuja kulipa alimwona Baba ameketi kimya, akauliza kuna nini, naye akaketi. Saa sita kasoro dakika chache pikipiki iliingia yadini. Alishuka mwanamke aliyejifunga leso kiunoni.

"Sammy!" aliita. "Saa zako zimekwisha! Nipe gari langu. Magunia yangu yanangoja Homa Bay, na wewe umelivika nailoni kama maiti!"

Baba aliinuka. "Mama, gari hili ni lako?"

"Ni la nani tena? Mimi ni Phanice, nabeba omena, kila mtu ananijua. Jamaa huyu alilikodi tangu jana, eti la kupigia picha za tangazo." Alizunguka nyuma ya gari, akasimama, akakwangua herufi zilizosomeka *Nyika*. Zilibanduka kama karatasi ya peremende. "Haa! Na jina amelibadilisha!"

Bosi Sammy alikuwa ameshafika langoni, lakini yule mtu mnene alitangulia, akaliziba lango lote kwa mwili wake. Baba aliwapigia simu polisi. Watu waliolipa hawakuwa saba. Walikuwa wawili, na pesa zao zilikutwa katika droo ya ofisi. Austine alikwenda kituoni kwa hiari yake, akaandikisha kila alichokijua na kila alichokishuku bila kusema. Jioni aliruhusiwa kuondoka, ila aliambiwa atahitajika kortini kutoa ushahidi.

Tulishuka Uriri jua likielekea kuzama, sisi wanne. Magugu yalikuwa yamelizunguka kaburi la Waya. Tulipalilia kwa mikono. Austine ndiye aliyeanza kulia, akiwa amepiga magoti, udongo mikononi.

"Nera, ningekufilisi. Mbele ya mama yangu nasema, sikujua kwamba gari si lao. Lakini kuna kitu ndani yangu kilikuwa kinaniambia niulize tena. Nilitaka kamisheni. Sikuuliza."

Baba aling'oa mzizi mmoja mrefu, akautikisa udongo.

"Nami nilikosa," alisema. "Mama Linet aliuliza maswali yote yaliyofaa, tena bila kutoka nyumbani. Mimi nilimzuia. Nilidhani nikikuamini bila kuuliza, nitakuwa nimemlipa dada yangu kwa ile siku ya matope. Lakini Jedidah angeniuliza mambo mengi kabla ya kuninunulia hata kiberiti. Mnakumbuka alivyokuwa?"

Beverly alicheka huku akilia. Ilikuwa mara ya kwanza Baba kulitaja jina la Waya tangu tumzike.

"Sikilizeni, watoto," aliendelea. "Shaka si dhambi. Shaka ni kengele. Dhambi ni kuisikia ukaizima kwa sababu ya aibu, au kwa sababu ya faida. Na mtu mwaminifu hakasiriki ukimwomba karatasi. Atakuletea kiti ukae uisome. Linet, umefanya vizuri kutafuta ushahidi kabla ya kumtuhumu mtu. Beverly, umefanya lililo gumu zaidi, kwa maana ni nduguyo aliyekuwa amesimama pale."

Baba hakuliwekea nafasi gari lolote mwaka huo. Alikwenda Kisumu kwa wauzaji wanaojulikana, akauliza, akasoma, akarudi nyumbani kufikiri. Mwishowe alinunua gari lililotumika, baada ya fundi kulala chini yake kwa muda mrefu na kulitazama kila mahali. Si refu sana, wala halimeti. Lakini mvua ya Novemba iliponyesha lilimfikisha Dani kliniki, na likamrudisha.

Muda mfupi kabla ya Krismasi, Austine alikuja. Alikuwa amepata kazi ya kuosha magari, na hakuvaa tai. Kwapani alikuwa na jogoo mwekundu. Alimweka uani, jogoo akajikung'uta, akaenda moja kwa moja kwenye ungo wa omena kama aliyeondoka jana.

"Wewe!" Dani alimkemea Austine. "Okewo hatozwi kitu."

"Najua, Dani," Austine alisema. "Hakuna aliyenitoza. Nimemrudisha tu."

Dani akasogea kwenye benchi, akampa nafasi aketi.