Vidonge vya Ludovica

Jumapili hapa kwetu Padova, Italia, ni siku ya polenta, ugali laini wa mahindi. Mwanangu Ludovica, mwenye miaka kumi na mmoja, hushika kijiko kabla sijaketi. Jumapili ile alisukuma sahani, akaomba maji. Ilikuwa glasi ya tano.

"Hata choo hajapata siku nne," nilimwambia mume wangu, Duilio.

"Atapataje, kwa vidonge unavyomlisha? Utamgeuza ukuta wa chokaa!"

Nilimkasirikia. Mwezi mzima nilimpa mtoto kalsiamu, na vitamini D nilimpa kijiko kizima badala ya matone matatu. Nilitaka apate nguvu za kuogelea. Jirani yetu Ornella, anayefanya kazi maabara, aliwahi kutueleza kuwa ndani ya seli mna vijumba vidogo viitwavyo mitokondria. Kalsiamu ikiingia humo, nguvu hutengenezwa zaidi. Basi mimi nikajaza tu.

Ludovica alipoanza kutapika, nilikimbia kwa Ornella, nikamweleza habari ya vidonge na kijiko.

"Dada wewe, umefanya nini?" Tukashuka ngazi pamoja. "Sikiliza. Mitokondria ina kuta mbili. Wa nje una matundu mapana, kalsiamu inapita tu. Wa ndani una kijilango chenye mlinzi. Misuli ikifanya kazi, kalsiamu hujaa pale langoni, ndipo mlinzi anafungua. Ikishafanya kazi yake hutoka kwa mlango mwingine, sodiamu ikiingia badala yake."

"Ikijaa mno, isitoke?"

"Kijumba hupasuka, seli hufa."

"Mama yangu! Nimempasua mtoto!"

"Hujampasua. Lakini mlinzi yule hapokei amri ya vidonge. Vyako vimejaza kalsiamu kwenye damu, na figo ndizo zinazoumia. Mchukulie koti, twende hospitali sasa hivi."

Damu ilipopimwa, kalsiamu ilikuwa juu sana. Ludovica alilazwa siku nne, akatundikiwa maji. Vidonge na matone vikasimamishwa.

"Mama, nani alikuambia utumie kijiko?" daktari aliniuliza.

"Roho yangu."

"Roho yako haijasomea udaktari!"

Nilicheka huku nalia. Mama mwenzangu, wasiwasi si kipimo. Soma karatasi ya dawa. Usipoelewa, uliza kabla hujamimina.

Wiki ya saba damu ilikuwa sawa, daktari akamruhusu kurudi bwawani. Binti yangu alipoogelea hadi kugusa ukuta wa mwisho wa bwawa, nilipiga vigelegele. Ludovica akatoka majini amenuna. "Mama, unaniaibisha mbele ya wenzangu!"

Sijawahi kufurahia kugombezwa kiasi kile.