Salamu ya Asukulu

Katika jiji zima la Des Moines, hapa Marekani, hakuna mkalimani anayenifikia. Neno likiingia sikioni mwangu kwa Kiingereza, linatoka mdomoni kwa Kiswahili vilevile lilivyoingia, halijapungua wala kuongezeka. Shikeni hilo, kisha mnisikilize.

Jumamosi, saa tano asubuhi, foleni ya duka la Wakongo ilikuwa imefika mlangoni. Mauwa alikuwa na kitenge cha kijani chini ya koti zito na kilemba kilichofungwa kwa haraka. Akamwona Asukulu anatoka, mfuko wa unga wa muhogo begani, jaketi la kiwandani likinuka sabuni na nyama. Akatabasamu, kitu alichokuwa amekisahau.

"Asukulu, umeamkaje?"

Asukulu akamtazama kama unavyotazama nguzo ya taa. Akapita.

Kwetu sisi wa Fizi, kule Kongo, kumnyima mtu salamu ni kumwambia amekwisha kufa. Na siku mbili tu nyuma, kwenye kikao chetu cha Alhamisi cha watu waliokimbia vita, Mauwa alikuwa amefungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu ajiunge. Ninalisema hili kwa ruhusa yake: mama yake alichoka kutembea, akakaa kando ya barabara, naye Mauwa akaendelea na safari. Alieleza bila chozi, kama anasoma risiti. Mimi nilikuwa nikimtafsiria Madamu Linda, mwendeshaji wa kikao. Asukulu, aliyekaa kiti cha kando ya Mauwa kila wiki, alimsogezea chai yake mwenyewe.

Kwa hiyo pale dukani Mauwa alijiambia jambo moja: "Amenisikia, ameniona mbaya." Hakuumia. Hilo ndilo lililomtisha. Alilipa, akapanda basi, akapitiliza vituo vitatu akiangalia theluji.

Alhamisi iliyofuata kiti chake kilikuwa kitupu. Mama Nyassa, mkubwa wetu kikaoni, akatuambia binti anahamia Texas kwa binamu yake, Jumapili hiyohiyo. Asukulu akamwomba namba. Kesho yake, kwenye mapumziko ya kiwandani, akapiga.

"Mauwa, ni mimi, Asukulu."

"Asukulu yupi? Mimi hapa mjini ninayejuana naye ni mmoja, mbwa wa jirani."

"Anakusalimia?"

"Kila asubuhi."

"Basi amenishinda."

Mauwa hakucheka, lakini hakukata simu.

"Nilikatazwa," Asukulu akasema. "Siku ya kwanza, wewe hujajiunga bado. Tuliambiwa ukimkuta mwenzako nje, jifanye humjui, hata akikusalimia. Eti ndiyo kumlinda. Nilipokupita, miguu ilikuwa kama si yangu."

"Na habari ya mama yangu?"

"Mimi nilimwacha kaka. Sijamwambia mtu. Nimekuambia wewe."



"Sihisi kitu, Asukulu. Hata sasa. Najua ningepaswa kulia."

"Hata mimi sihisi. Njoo kesho dukani, tusihisi pamoja."

Mauwa akaja, kitenge kilekile, kilemba safari hii kimefungwa kwa utaratibu. Asukulu akaweka mfuko chini katikati ya foleni, akamsalimia kama inavyotakiwa: umeamkaje, nyumbani wameamkaje, baridi inaendeleaje, na binamu wa Texas hajambo? Watu nyuma wakaanza kuguna.

"Binamu hajambo. Ananisubiri."

"Asisubiri. Nataka niwe nakusalimia kila asubuhi, kabla ya mbwa."

"Basi tuma wazee wako kwa mjomba wangu. Mimi siposwi kwenye foleni ya samaki wa ndagala."

Lakini alivua glavu, akampa mkono.

"Mkono wako wa baridi," Mauwa akasema.

"Umeuhisi?"

"Kidogo."

Mimi nilikuwa nyuma ya magunia ya mchele, karibu na Mama Nyassa. Nikamnong'oneza kwamba hizi sheria za Wazungu zitatumaliza, mtu unakatazwaje kusalimia?

Mama Nyassa hakunong'ona.

"Sheria ya Madamu ilikuwa maneno ya kikaoni yasitoke nje, basi. Nina miaka kumi na miwili hapa, kijana, Kiingereza cha kusikia ninacho. Hilo la kujifanya hatujuani uliliongeza wewe ulipotafsiri, na ulikuwa unacheka. Nikadhani kila mtu ameona ni utani."

Foleni nzima ikageuka. Asukulu akageuka. Mauwa, bado ameshikwa mkono, akaniangalia kama nguzo ya taa.

"Haya, mkalimani," akasema Mama Nyassa. "Wasalimie."