Bendera ya Mkono wa Kulia

"Wewe kaka, kitambaa hicho unakinunua au unapigana nacho?"

Zaitoun alishindwa kuvumilia. Soko la Volo Volo, mjini Moroni, lilikuwa limefurika, harufu ya samaki na ya vanila zikigombea pua yake, na mbele yake kijana mrefu alikuwa akivuta kitambaa cha mwavuli kwa mikono miwili mpaka mishipa ya shingo imemtoka. Mwenye duka alikwisha kununa.

"Napigana nacho kwanza," kijana akajibu bila kugeuka. "Kikinishinda, nakinunua."

Kisha akageuka. Alivaa fulana iliyopauka kwa chumvi na kaptula yenye mifuko mingi. Akaona sare ya buluu ya wauza tiketi za ndege, leso ya rangi ya machungwa iliyotupiwa begani, vidole vyenye hina, na kitambaa akakisahau.

"Tanga langu limechanika," akasema kwa upole. "Naitwa Nadjib. Kazi yangu ni mbio za mashua, bahari kuu."

"Hiyo ni kazi au mchezo?"

"Nikifika wa kwanza ni kazi. Nikifika wa mwisho ni mchezo."

Zaitoun akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza.

Nadjib alikuwa mtoto wa Mutsamudu, kisiwa cha Nzwani. Alianza kwa kusugua mashua za wageni bandarini, hadi nahodha mmoja wa kisiwa cha Rejuni akamchukua kuvuta kamba, akaona jinsi anavyousoma upepo, akamwachia usukani. Sasa alilipwa mshahara kuvuka bahari: Durban, Morisi, Perth. Alilala vipande vipande na kula unga uliokorogwa kwa maji moto. Akitia nanga popote, jambo la kwanza ni kutafuta simu, na simu ya Zaitoun ikilia ofisini Moroni wenzake wote waliacha kazi wasikilize.

"Hujambo, roho yangu?"

"Roho yako ina wateja wanangoja. Sema haraka."

"Nimekuwa wa pili."

"Wa kwanza nani? Nimtafute huyo."

"Ana mke."

"Na wewe unangoja nini?"

Nadjib alicheka mpaka akakohoa. "Sikiliza, mpenzi. Mdhamini amenipa mashua, niwe nahodha mwenyewe. Mwezi wa kumi na moja nashindana peke yangu, Rejuni mpaka Australia. Kabla ya hapo naipeleka Mutsamudu mama aione, halafu naja Moroni kuposa."

Zaitoun aliikumbatia simu kifuani kama mtoto. Kwa watu wa kwao nyumba ni ya mwanamke. Baba humjengea binti, na mume huja kuingia humo. Marehemu baba yake aliijenga yake mpaka madirisha yakapakwa rangi. Lililobaki ni kauli ya mjomba wake, mzee Abdoulwahab, maana posa huletwa kwa mjomba.

Ndipo mwezi wa nane, mwaka huo wa tisini na saba, Nzwani ikatangaza kujitenga na Komoro. Watu wa Mutsamudu walipandisha bendera ya Ufaransa juu ya mapaa yao, wakitaka kurudi kwa mkoloni waliyemfukuza wazee wao. Moroni ikachemka kwa hasira. Mzee Abdoulwahab aliingia na gazeti, akalibwaga mezani.

"Mkwe wetu huyo. Mtazame."

Alikuwa Nadjib kweli, bandarini Mutsamudu, amesimama nyuma ya mashua mpya iliyong'aa, meno yote nje. Na juu ya bega lake ilipepea bendera ya Ufaransa.

"Msaliti haingii nyumba ya mtoto wa dada yangu," mjomba akasema.

Jioni simu ya ofisini ililia.

"Mpenzi, huku mambo yamekuwa..."

"Nijibu moja tu, Nadjib. Mashua yako ina bendera ya Ufaransa?"

"Inayo, lakini ngoja nikwambie..."

Zaitoun akakata simu. Akaenda kulia msalani, akanawa uso, akarudi kazini. Kesho yake hasira zilikuwa zimepungua, akatamani simu ilie tena, lakini mawasiliano na Nzwani yalikuwa yamekatwa. Wiki zikapita hivyo, na mapenzi hayakupungua hata kidogo. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Siku moja mfanyabiashara wa karafuu aitwaye Bacar, aliyetoka Mutsamudu na meli ya mchele, alikuja kukata tiketi.

"Kwezi, mzee," Zaitoun akamwamkia kwa heshima. "Huko kukoje?"

"Vituko, binti yangu. Kuna kichaa mmoja bandarini ana mashua ya mbio. Wanamgambo wamemng'olea usukani kwa sababu hataki kushusha bendera ya Komoro."

Kalamu ilimdondoka Zaitoun. "Si ana ya Ufaransa?"

"Ile ya nyuma? Ile ni ya mashua, imesajiliwa huko, kama namba ya gari. Lakini juu mlingotini, mkono wa kulia, baharia hupandisha bendera ya nchi aliyoingia. Ndiyo adabu yao. Yeye kapandisha yetu, mwezi na nyota nne, na kasema haishuki."

Mjomba alimkataza kusafiri. Zaitoun akambusu mkono, akapanda meli hiyohiyo ya mchele iliporudi.

Huko Mutsamudu hakumjua mtu. Aliuliza njia katika vichochoro vya mawe, wanawake waliojitanda shiromani nyekundu wakimpisha na kumkodolea macho, mpaka akafika kwa bi Nafissa, mama yake Nadjib. Mama alimtazama juu hadi chini.

"Wewe ndiye unayekata simu?"

"Ndiye mimi, mama. Nimekuja kuomba radhi."

"Umekonda. Twende."

Nadjib alikuwa ameketi kwenye mashua iliyofungwa gatini, ndevu zimemjaa, na juu ya kichwa chake ile bendera ya kijani. Alipomwona Zaitoun alisimama, akakosa la kufanya na mikono yake.

"Nilikosea," Zaitoun akasema mbele ya watu wote. "Nilikujua, halafu nikaamini gazeti. Nisamehe. Na mbio?"

"Nisipoondoka wiki hii, mdhamini atampa mwingine mashua."

"Basi ishushe, Nadjib! Umeingoja nafasi hii maisha yako yote."

"Nikiishusha kwa bunduki, mjomba wako atakuwa kasema kweli. Nitaingiaje nyumbani kwako?"

Ndipo Zaitoun alipoelewa. Mtu huyu alikuwa tayari kupoteza bahari ili asimpoteze yeye! Akamgeukia mwanamgambo mwenye bunduki, Combo, aliyesimama gatini na ndala zake.

"Kaka yangu, wewe unataka bendera ishuke, au unataka isionekane hapa?"

"Isionekane tu, dada. Watu wananicheka."

"Basi mpe usukani wake. Itaondoka na mashua, leo hii. Ukimshikilia, utaitazama mpaka Ramadhani."

Combo alikuna kichwa, akaenda kwa mkubwa wake. Alirudi na usukani begani.

Zaitoun akapanda mashuani, na bi Nafissa naye akapanda, na sufuria ya wali. Alisema mwanawe hatasafiri na msichana asiye mkewe. Kabla ya kupita gati alikuwa ameinamia pembeni anatapika na kuilaani bahari. Tanga likajaa upepo, mashua ikalala ubavu na kuchapuka, na Nadjib, mguu mmoja kwenye ukingo, alionekana amerudi nyumbani. Zaitoun alimpenda zaidi hapo kuliko siku yoyote.

"Sasa tumetoka. Bendera huishushi?"

"Hushushwa ukitoka nchi yenyewe. Tunakwenda Moroni."

"Basi hatujatoka."

Asubuhi walitia nanga nje ya bandari ya zamani ya Moroni, wakaletwa gatini kwa mtumbwi. Mzee Abdoulwahab alikuwa gatini, kanzu nyeupe, uso wa jiwe. Aliitazama bendera ya mkono wa kulia kwa muda mrefu, akasikiliza posa ya bi Nafissa mpaka mwisho, kisha akamvuta mpwa wake kando.

"Kijana ana msimamo, sikatai. Lakini ataondoka juma lijalo, peke yake, bahari yote ile. Utaolewa na mtu wa kumngoja?"

Zaitoun alirekebisha leso yake begani.

"Nyumba ni yangu, mjomba, na kazi ninayo. Aende akashindane. Itangaze ndoa Ijumaa hii, ili akiwa huko katikati ajue mlango anaorudia."

Mzee akavuta pumzi, akanyoosha mkono kumpokea Nadjib kutoka mtumbwini.

"Vua viatu vyako vya chumvi," akamwambia. "Unaingia kwa mkeo."