Wageni wa Mzee Lorne

Kioo cha roshani kiligongwa Suhaila akiwa anaosha vyombo. Mtoto wa Tanga, ulimi ukamtangulia: "Karibuni." Mikono ikiwa bado kwenye povu, ndipo akakumbuka kwamba walikuwa ghorofa ya tisa.

Alikuwa akimtunza Mzee Lorne huko ughaibuni, Etobicoke, tangu 2006, na alimwita babu. Babu yake mwenyewe alikuwa amemzika kwa simu, na uchungu ule haukuwa umemtoka. Novemba hii huyu naye alikuwa amedhoofika, na tangu kile kioo kigongwe chumba chake kilinuka petroli na sufu iliyolowa.

"Wenzangu hao," babu alimnong'oneza. "Wakati wa vita ndege yetu ya mabomu iliruka bila mimi. Sikio lilikuwa linaniuma. Haikurudi, wala hawakupata kaburi. Wamekuja kunichukua."

"Usiseme hivyo, babu. Unaniogopesha."

Jioni Suhaila alisikia buti zikitoka roshani na kupita sebuleni, taratibu, kama za watu wanaoogopa kuamsha mtoto, kitanda cha babu kikalia kana kwamba kimekaliwa pande zote, na babu, ambaye kwa siku kadhaa hata kijiko kilimshinda, akawa ameketi wima anacheka na hewa, amenyoosha mkono, na mkono wenyewe umeshikwa, kwani Suhaila aliviona vidole vikibonyea na kuwa vyeupe bila kuona kilichovibonyeza.

Akampigia simu mjomba wake, maalim huko Malvern, upande wa pili wa jiji. "Mjomba, njoo. Wanamchukua."

Mjomba alikuja na chetezo. Alianza kwa kutoa betri ya king'ora cha moshi, kwa kuwa alishawahi kuletewa zimamoto katikati ya kisomo. Akafukiza ubani, akasoma mpaka sauti ikakauka, akafungua mlango wa roshani na kuwaamuru watoke. Buti zikatoka. Za mwisho zilisita kizingitini kwa kitambo, kisha nazo zikaenda.

"Wametoka," alisema mjomba, amejaa fahari.

Suhaila alimkuta babu amelala chali tena, akipapasa blanketi.

"Umewafukuza?"

"Wangekuua, babu. Ningebaki na nani?"

Babu hakumkasirikia. Aliutazama mlango waliotokea, machozi yakimwingia masikioni.

"Mara ya kwanza niliumwa kweli," akasema. "Sasa watadhani niliwakimbia mara zote mbili."

Suhaila akakaa sakafuni, akalia naye.