NILIUNDA MTAMBO WA KUTAFSIRI BARUA ZA OFISI… UKANITAFSIRIA NDOA YANGU!

"Kampuni imesitisha ajira yako kuanzia leo, kwa kosa la kuwa na uhusiano wa kimapenzi na mfanyakazi mwenzako ndani ya eneo la kazi."

Nilisoma. Nikasoma tena.

Juu ya barua kulikuwa na jina la mume wangu!

Jamani… chai niliyokuwa nimeishika ilinimwagikia mapajani na sikuhisi kitu.

Kabla hamjaanza kunipa pole kwenye komenti, subirini kwanza. Nina hasira mpaka sijui nianze na nani.

Mimi ni karani kwenye kampuni inayouza rangi za nyumba. Mabosi wanaandika Kiingereza, madereva na watu wa stoo wanataka Kiswahili. Hapo katikati anaumia nani? Mimi!

"Dada, tutafsirie hii."

"Dada, bado tu?"

"Dada, ile ya jana iko wapi?"

Nakopi, nabandika, narekebisha, napakua, natuma kwenye simu ya mtu mmoja mmoja. Mgongo unauma, macho yanawasha, mshahara ni ule ule.

Nikachoka. Nikakaa na video za mtandaoni, nikajifunza kuunganisha app moja na nyingine. Ukiweka faili kwenye folda niliyoiita TAFSIRI, app ya kwanza inaliona, ya pili inalitafsiri, ya tatu inalituma kwenye simu ya mhusika na ya mkuu wa idara yake. Na mimi naletewa nakala.

Niliomba nikague kwanza ndipo barua iondoke. Meneja akasema nachelewesha kazi! Haya bwana. Bosi kasema.

Sheria ikabaki moja tu. MOJA! Andikia barua yako kwingine, ukimaliza kabisa ndipo uilete kwenye folda. Ukishaiweka pale ni kama umeitumbukiza posta.

Wote wakaitikia kwa vichwa. "Tumeelewa, dada."

Hakuna aliyeelewa!

Na kinara wao alikuwa shosti yangu wa ofisi ya utumishi, anayeandika barua zote za wafanyakazi. Huyu dada haandiki barua mpya hata siku moja. Anachukua ya zamani ya mtu mwingine, anabadilisha jina na tarehe, anaisevu, halafu ndiyo anaanza kufuta maneno ya ndani polepole huku anakunywa chai.

"Shosti, usifanyie hayo kwenye folda yangu! Barua itaondoka hivyo hivyo!"

"Aaah, wewe nawe! Si nitaitoa tu."

"Haitoki!"

"Punguza presha, utazeeka kabla ya mumeo."

Nimesema mpaka mate yamekauka. Sikio la kufa halisikii dawa!

Najua mshaanza kushtukia. Ninyi mmekaa kwenye makochi, akili zimetulia. Mimi nilikuwa nimeliona jina la baba wa watoto wangu pamoja na neno "kimapenzi". Hapo mtu anafikiria folda?

Nikatoka mbio, kiatu kimoja nimekivaa nusu.

Mume wangu anafanya kazi stoo, jengo la nyuma. Nilimkuta peke yake anapanga ndoo za rangi nyeupe. Simu yake ilikuwa kwenye chaji ofisini kwa mkuu wake, kwa hiyo hakuwa ameona chochote.

"Baba Watoto!"

"Mama, vipi? Mbona umekuja huku?"

"Najua kila kitu! Wewe na huyo mwanamke wako! Humu humu kazini!"

Sasa sikilizeni vizuri hapa.

Hakusema "mwanamke gani?"

Hakusema "umechanganyikiwa?"

Aliweka ndoo chini taratibu, akachungulia mlangoni, akauliza:

"Nani kakwambia?"

Nikamsogelea.

"Ofisi nzima inajua! Umefukuzwa kazi!"

Akakaa juu ya ndoo, kichwa mikononi.

"Nisamehe, mke wangu. Shetani alinipitia."

"Tangu lini?"

"Si siku nyingi…"

"TANGU LINI?"

"Tangu ulipojifungua."

Mtoto wetu wa mwisho siku hizi anakimbia nyumba nzima anafungua makabati! Shetani gani huyo anayepita miaka yote hiyo? Amehamia?

"Ni nani?"

Akafungua mdomo…

Mlango ukasukumwa kwa kishindo. Shosti! Anahema, wigi limekaa upande, simu mkononi.

"Shosti! Ile barua usiisome! Ushaisoma? Mungu wangu! Si ya mumeo! Ni ya yule dereva aliyefukuzwa mwaka jana! Nilikuwa nimebadilisha jina tu na tarehe, nikaenda kuchemsha maji ya chai, kurudi nakuta imeshaondoka!"

"Nilikwambia mara ngapi?!"

"Najua, najua! Utanigombeza baadaye! Tazama barua yake halisi hii hapa, nimeshaimaliza. Anapandishwa cheo! Anakuwa msimamizi wa stoo. Soma mwenyewe!"

Nikasoma. Kampuni inampandisha cheo kwa bidii yake na uaminifu wake.

Uaminifu!

"Umeona?" shosti akasema, anajifuta jasho. "Mumeo hana kosa lolote. Msafi kabisa."

"Hana kosa?"

"Haki ya Mungu tena!"

"Mbona amekiri?"

Tabasamu likamganda usoni. Hakuniangalia mimi. Alimgeukia mume wangu, akamwuliza kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kutoka kwake:

"Umemwambia?"

…

Jamani, mume wangu hakuwa ametaja jina la mtu! Hata herufi moja! Huyu dada alikuja mbio mwenyewe, na akajitaja mwenyewe.

Huyu ndiye aliyekuja kwangu kila jioni nilipojifungua. Nina mshono, siwezi kuinama, yeye anaosha nguo za mtoto, anaingia jikoni, anampakulia mume wangu chakula. Nikawa namwombea dua! Nikawaambia ndugu zangu, jamani rafiki wa kweli bado wapo!

Mnataka kujua kama nilimpiga. Nilitaka! Mkono ulishanyanyuka! Lakini mkuu wa stoo alikuwa ameshasambaza habari za ile barua kwa kila aliyempata, na sasa wafanyakazi walikuwa wamejaa mlangoni. Katikati yao akapenya Meneja, jasho linamtiririka.

"Dada! Mtambo wako umetuaibisha!"

Mtambo WANGU?

"Meneja, mtambo umefanya ulichopewa. Mtu kaweka barua ya mtu mwingine humo ndani. Na mimi niliomba nikague kwanza, ukakataa."

"Sitaki maelezo! Andika masahihisho sasa hivi, lugha zote mbili, yaende kwa wafanyakazi wote."

Yaani ndoa yangu imelala pale sakafuni, na bado kazi ya kutafsiri ni yangu! Hakuna aliyeniuliza hata "dada, uko sawa?"

Nikavuta ndoo, nikakaa, nikaandika kwenye simu: "Barua iliyotumwa leo asubuhi ilimhusu mfanyakazi wa zamani. Imetumwa kwa makosa. Tunaomba radhi."

Nikampa Meneja. Akasoma, akatikisa kichwa.

"Haitoshi. Huyu kijana wetu amechafuliwa jina. Ongeza hapo chini kwamba ni mtu mwaminifu, na hajawahi kuwa na mwenendo kama huo."

Mume wangu akaangalia sakafu. Shosti akaangalia ukuta.

Nikasimama, nikajipangusa sketi.

"Hiyo sentensi, bosi, waandike hawa wawili wenyewe. Mimi nitaitafsiri tu."

Meneja akamtazama mume wangu. Akamtazama shosti. Hakuna aliyegusa simu. Pale mlangoni mtu mmoja akaguna "mmh!" na wote tukamsikia.

Masahihisho yalitumwa bila sentensi hiyo.

Sasa hivi niko kwa dada yangu na wanangu. Mume wangu anapiga simu kila siku, ati ile barua ilikuwa makosa ya kompyuta, tusivunje nyumba kwa sababu ya kompyuta. Mnasikia hayo? KOMPYUTA! Kwani kompyuta ndiyo iliyokuwa inampakulia chakula jikoni kwangu?

Na ile ruhusa ya kukagua barua kabla haijaondoka, niliyoiomba kwa adabu nikaambiwa nachelewesha kazi? Nimepewa. Bila hata kuomba tena.

Najua kuna mtakaoniandikia inbox kwamba ningenyamaza, kwamba barua yenyewe ilikuwa ya uongo. Ni kweli, barua haikuwa yake. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Langu lilikuwepo, limekaa mezani kwangu, linaniambia nipunguze presha.

Dada zangu, kaka zangu, chukueni hili moja. Ukimshtaki mtu asiye na hatia, atakuuliza, "Nimefanya nini?"

Akikuuliza, "Nani kakwambia?"… usihangaike kutafuta ushahidi. Anza kukusanya nguo za watoto.