Inyamanza na Uyoga wa Nyuma ya Jiko

Tangu mama yake azikwe, Noella alikuwa amekufa ganzi. Alifagia uwanja wao mtaani Kilibula, alimwogesha mdogo wake Lionel, alikwenda shule na kurudi. Majirani walimsifu kwa kujikaza, lakini sifa zenyewe hazikumgusa.

Jumamosi hiyo alikuwa na kazi ya shule: kulinganisha ndege mmoja na aina moja ya uyoga. Nyuma ya jiko, penye ukuta uliolowa mvua, uyoga mweupe ulikuwa umechipuka. Inyamanza, yule ndege mweusi na mweupe ambaye mkia wake hautulii, alikuwa akiudonoa. Noella akaandika bila hamu: "Inyamanza ana miguu miwili, uyoga una mmoja. Inyamanza huruka, uyoga hukaa. Inyamanza hula uyoga."

Kwao inyamanza hapigwi jiwe, kwani ni ndege wa heri nyumbani. Alichokula yeye kingemdhuru nani? Noella aliuchuma uyoga karibu wote, akaupika kwa mawese, akampakulia Lionel na bugali.

Mara akaingia Florentine, dada wa baba yao, ambaye wao humwita masenge, akitoka sokoni na beseni la ndagala, wale dagaa wa ziwani.

"Hii buyoga mumeitoa wapi?"

"Nyuma ya jiko, masenge."

"Nani alikuambia inakuliwa?"

"Miye niliona inyamanza iko inaikula."

Florentine alimpokonya Lionel tonge la kwanza likiwa karibu na mdomo, akamwaga sufuria nzima chooni. Kisha akamvuta Noella hadi ukutani, akapasua uyoga mmoja uliobaki. Ndani mlijaa vijidudu.

"Ona. Inyamanza ilikuwa inatafuta dudu. Buyoga haikuwa chakula yake, na ingine iko na sumu."

Noella alimtazama Lionel, aliyekuwa akinung'unikia chakula chake, akaelewa kwamba nusura amzike na yeye pia. Akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Uchungu wote ulimwingia kwa pamoja, wa mama na wa Lionel.

Florentine alimwacha alie mpaka akachoka.

"Uliangalia nusu tu, mwanangu," akasema. "Buyoga usiyoijua usiipike, hata ndege wote waikule. Tumbo yao si yetu. Uliza mukubwa anayeijua. Na roho ikikufa ganzi tena, usijikaze peke yako. Uniite, nitakuja."